Birika Alicheka au Lilicheka

Bi Nukta hakuwa mtu wa kubabaika. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa mahakama, kiti chake hatua tatu tu kutoka kwa shahidi, na miaka yote hiyo aliandika maneno ya watu kama yalivyotoka mdomoni: uongo wa mwongo, kigugumizi cha mwoga, hata kikohozi cha wakili aliyekuwa akitafuta la kusema. Jina la Nukta alipewa na hakimu mmoja, siku ambayo watu wote walikuwa wameshasimama kwenda zao, naye akawaomba wangoje kwanza arudi ukurasa wa tatu akaweke nukta aliyoisahau. Wakangoja. Tangu hapo jina likamganda, hata mumewe akasahau kumwita lile alilopewa na wazazi.

Kwa hiyo mkuu wa maktaba ya filamu alipoulizia mtu anayeweza kutazama jambo na kulieleza kwa maneno machache bila kutia chumvi, watu watatu wasiofahamiana walimtaja yeye.

"Kazi yenyewe nyepesi, mama," mkuu alimwambia. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye tai fupi, na meza yake ilijaa makopo ya bati yaliyopangwa kama sufuria dukani. "Haya ni makopo kumi na moja. Filamu fupi fupi za zamani sana, za wakati sauti ndiyo kwanza imeingia kwenye sinema. Dakika sita, saba. Unatazama, unaandika kilichotokea, mistari mitano basi. Nani alikuwepo, alifanya nini, ikaishaje."

"Nani alikuwepo, alifanya nini, ikaishaje," Bi Nukta akarudia. "Hiyo ndiyo kazi iliyonizeesha."

"Ni filamu za muziki. Zina watu wa kweli, halafu zina michoro. Katuni. Yaani vimechanganyika."

"Vimechanganyika vipi?"

Mkuu akakuna shingo. "Utaona mwenyewe."

Chumba cha kutazamia kilikuwa nyuma ya jengo. Kilipakwa rangi nyeusi mpaka darini na kilinuka siki, kwa sababu, kama fundi wa mashine alivyomweleza, ndivyo filamu zinavyonuka zikizeeka. Fundi huyo alikuwa mtu mfupi, amevaa glavu nyeupe za pamba, na maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye bahasha moja. Alitoa mkanda kwenye kopo, akaupitisha kwenye meno ya mashine taratibu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, akazima taa.

Akaonekana mwanamke, wa nyama na damu, amevaa aproni, anaosha vyombo huku anaimba. Aliimba kwa lugha ambayo Bi Nukta hakuijua, wala fundi, wala mkuu. Mpaka hapo hapakuwa na neno. Lakini vyombo alivyoviosha havikuwa vya kweli. Vilichorwa kwa wino. Sahani zikaota miguu. Kijiko kikapiga magoti mbele ya uma. Birika likafumbua macho, likajikohoza, likaanza kumwitikia mwanamke kwa sauti nzito ya mwanamume mwenye kitambi. Mwanamke akacheka. Birika nalo likacheka, na likiwa katikati ya kicheko likammeza. Mzima. Akaonekana ndani ya tumbo la birika, sasa naye amekuwa mchoro, bado anaosha vyombo, bado anaimba. Kisha mvuke ukatoka mdomoni mwa birika, na katika mvuke akatoka mwanamke, wa kweli tena, ila sasa ana masharubu. Akawainamia watazamaji kwa heshima. Mwisho.

Taa zikawaka. Kalamu ya Bi Nukta ilikuwa bado iko hewani.

"Rudisha," alisema.

Fundi akarudisha. Mara ya pili mambo yalikuwa yale yale, na hilo ndilo lililomvuruga zaidi. Shahidi mwongo ukimrudisha nyuma hubadilisha maneno. Hawa hawakubadilisha kitu.

Akaanza kuandika: "Mwanamke anaosha vyombo. Birika linaimba." Akasita. Linaimba? Birika la jikoni kwake lilichemka, lilivuja, liliungua. Hayo ndiyo mambo ya birika. Lakini hili lilikuwa na macho, tena lilikonyeza, na liliposifiwa liliona haya. Kinachoona haya kinaitwaje? Akakata, akaandika "Birika anaimba." Akaisoma. Ikamkwaruza kama mchanga kwenye meno. Akakata tena.

"Fundi," aliita, "kwa maoni yako, birika ameimba au limeimba?"

Fundi alifikiri huku akifuta lenzi. "Lilipokuwa linaimba, liliimba. Ila alipommeza yule mama, hapo alimmeza."

"Kwa hiyo limeanza kitu, likaisha mtu?"

"Mimi kazi yangu mkanda usikatike, mama."

Jioni ile mumewe, fundi saa mstaafu ambaye bado alipenda kujua kila kitu kinazungushwa na nini, alimngoja kwa hamu mlangoni.

"Haya, nipe. Imeishaje?"

"Ameota masharubu."

"Nani?"

"Mwanamke."

"Kwa nini?"

"Ningejua kwa nini, si ningekuwa nimeshaandika?" Bi Nukta akavua viatu kwa hasira, kana kwamba navyo vingeweza kuanza kuimba.

Filamu ya pili haikumhurumia. Kinyozi wa kweli alimnyoa mbuzi wa kuchorwa. Ndevu zilizodondoka zikawa noti za muziki, zikapanda ukutani kama siafu, na kinyozi akawa anazichapa kwa taulo, kila anayoichapa inalia sauti yake. Halafu chini ya picha yakatokea maneno, na juu ya maneno kimpira cheupe, kikirukaruka kutoka silabi hadi silabi.

Bi Nukta akageuka nyuma. "Hicho kinamwambia nani?"

"Watazamaji," fundi alijibu. "Zamani watu waliimba pamoja na filamu. Kimpira kinawaonyesha wapi wamefika."

"Hata wasioujua wimbo?"

"Nadhani hao ndio kiliwekewa."

Wiki ikaisha ameandika filamu tano, na katika hizo tano hapakuwa na hata moja ambayo angeweza kuisimamia mbele ya hakimu. Usiku alilala fofofo, lakini asubuhi aliamka na wimbo usio na maneno kichwani, akausaka ulikotoka, asiupate. Alimwambia mkuu wazi wazi kwamba huenda amekosea mtu.

"Sijakosea mtu, mama, hata sisi hatuelewi," mkuu alisema kwa furaha ambayo Bi Nukta aliona haikuwa mahali pake. "Ila nimefikiria jambo. Ile sehemu ya fomu ya maelezo ya muziki umeiacha wazi."

"Sijui muziki. Nisichokijua sikiandiki."

"Ndiyo maana Jumatatu nakuletea mtu wa muziki. Mwalimu mstaafu. Mtakaa wawili, yeye masikio, wewe macho."

Jumatatu Bi Nukta alifika saa mbili na nusu kama kawaida yake, akasukuma mlango mweusi, na kwenye kiti cha pembeni ya kiti chake akamkuta dada yake.

Hapa inafaa ielezwe. Dada huyu alikuwa amemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne. Alifundisha muziki shuleni maisha yake yote, na wanafunzi walimwita Mwalimu Filimbi kwa sababu aliiweka filimbi kwenye mfuko wa gauni kama watu wengine wanavyoweka leso. Mkuu wa maktaba hakujua kwamba wawili hao walinyonya ziwa moja. Wala hakujua kwamba kwa miaka tisa hawakuwa wamezungumza lolote zaidi ya "shikamoo" na "marahaba" kwenye arusi na misiba.

Chanzo kilikuwa kinanda cha marehemu baba yao. Baada ya mazishi, familia ilikaa kugawana vitu vya mzee, na Bi Nukta, nani mwingine, akapewa kuandika kikao. Kaka yao alipouliza kinanda aende nacho nani, dada mtu akajibu, "Kichomeni moto, mfurahi." Bi Nukta akaandika: "Dada amesema kinanda kichomwe moto." Kaka yao alikuwa mtu wa kuheshimu karatasi. Hakukichoma, aliona ni hasara; alikipeleka kwa seremala, kikavunjwa, mbao zake zikawa rafu za stoo yake. Mwezi mmoja baadaye dada alikuja na gari la kubebea mizigo kukichukua kinanda chake, akaonyeshwa rafu. Kisha akaonyeshwa karatasi.

"Shikamoo, dada," Bi Nukta alisema mlangoni.

"Marahaba," dada alijibu, macho mbele.

Basi. Bi Nukta akakaa. Katikati yao palikuwa na nafasi ya kupitisha mkoba mmoja mdogo. Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona heri azime taa.

Filamu ya sita ilikuwa ya mwanamume mwembamba mwenye suti, amesimama peke yake chini ya taa ya barabarani, anaimba wimbo wa huzuni. Alikuwa mtu kweli. Kivuli chake kilikuwa mchoro, na hakikuwa na huzuni hata kidogo. Mwanamume akiinua mkono kufuta machozi, kivuli kinainua mkono kupunga. Mwanamume akipiga magoti, kivuli kinacheza. Wakaanza kuimba kwa kupokezana, kisha kwa kushindana, kisha wote kwa pamoja na kwa nguvu. Mwishoni lilitokea sanduku la safari. Taa ya barabarani ikazima, ikawaka, na chini yake akawa amebaki mmoja tu.

Taa za chumba zikawaka. Bi Nukta aliandika haraka, kwa mara ya kwanza bila kukata neno. Alihisi kwamba hii ameipata. Fundi, aliyekuwa amezoea kuombwa arudishe, akauliza, "Tunaendelea?"

"Tunaendelea," alisema Bi Nukta. "Hii iko wazi. Kivuli kimemkimbia mwenyewe."

"Nani kamkimbia nani?" Dada yake alikuwa amegeuka.

"Kivuli. Kimechukua sanduku, kimeondoka. Mtu amebaki."

"Aliyebaki ni kivuli. Yule mtu amefukuzwa."

"Dada, nimeona kwa macho yangu."

"Na mimi nilikuwa nimefumba? Sauti iliyobaki mwishoni ni ile ya juu, ya kivuli. Ile ya chini imekatika kabla taa haijazima. Kama mtu ndiye aliyebaki, anaimba kwa sauti ya nani?"

Bi Nukta akageuka nyuma. "Rudisha," akamwambia fundi.

Wakatazama tena. Bi Nukta alimwona mwanamume amebaki. Dada alikiona kivuli kimebaki. Wakatazama mara ya tatu. Safari hii Bi Nukta alikodoa macho mpaka yakamtoka machozi, na katika ile nukta ya giza, taa ilipozima na kuwaka, hakuwa tena na hakika. Aliyesimama pale alikuwa mweusi, lakini suti nayo ilikuwa nyeusi. Alikuwa bapa, lakini kila kitu kwenye skrini ni bapa.

"Fundi," alisema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kuwaapisha watu, "wewe hapa huna upande. Umeona nini?"

Fundi akavua glavu moja. "Nani amebaki, sikuangalia. Nilikuwa namtazama mbwa."

"Mbwa gani?" wakasema wote wawili kwa pamoja.

"Yule wa pembeni."

"Hakuna mbwa."

"Yupo, mama."

Akarudisha. Na mbwa alikuwepo. Alikuwa mbwa wa kweli, mwenye madoa, amelala upande wa kushoto tangu wimbo ulipoanza. Wakati mtu na kivuli chake wanagombana, mbwa aliinuka, akajinyoosha, akalisogelea lile sanduku la kuchorwa na kuanza kulitafuna. Alilitafuna lote, pole pole, kwa ustaarabu. Taa ilipozima na kuwaka hapakuwa na sanduku. Mbwa alikuwa anajilamba.

"Kwa hiyo hakuna aliyesafiri," dada alisema taratibu.

"Kama hakuna aliyesafiri, yule wa pili yuko wapi?"

Ghafla Mwalimu Filimbi akaanza kucheka. Alianza kwa kukoroma puani, akajizuia, ikashindikana, akacheka mpaka akashika mbavu. Bi Nukta alimkazia macho akitaka kukasirika, maana jambo hili lilikuwa la kazi, si la mzaha. Lakini kicheko cha dada yake hakikuwa kimebadilika tangu utotoni, kilikuwa na mkia mwembamba mwishoni kama mlango usiotiwa mafuta, na mkia ule ulimchokoza tumboni. Akacheka naye. Hakujua anacheka nini. Alicheka huku akijiuliza.

Fundi akasema anakwenda kuchemsha chai. Hakuna aliyemwomba chai.

Walipobaki peke yao kicheko kikafa chenyewe.

"Ndivyo ulivyofanya siku ile," dada alisema.

Bi Nukta hakuuliza siku ipi. "Uliyasema yale maneno, dada. Niliyasikia. Watu kumi na wawili waliyasikia."

"Niliyasema. Nimewahi kukataa? Lakini uliyaandika umeinama. Kichwa chako kilikuwa kwenye karatasi. Hukuniangalia."

"Ningekuangalia ningeona nini?"

Dada aliichezea filimbi mfukoni. "Hapo ndipo na mimi nakwama," alisema. "Nimejiuliza miaka tisa. Nilikuwa nalia? Sidhani. Nadhani nilikuwa natabasamu. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, 'Dada, acha hayo, kinanda ni chako, kila mtu anajua ni chako.' Mmoja tu. Nikawatazama mmoja mmoja. Kaka anahesabu viti. Shangazi amesinzia. Nikakutazama wewe, nikaona utosi wako, na kalamu inakwenda."

"Kwa nini hukusema unakitaka?"

"Sijui."

"Ungesema neno moja, ningeliandika."

"Najua ungeliandika!" Dada aliinua sauti, kisha akaishusha. "Ungeliandika vizuri sana. Sikutaka kuandikwa, mdogo wangu. Nilitaka kubishiwa."

Bi Nukta alibaki amekaa. Kichwa kilimzunguka kuliko kwa filamu zote sita. Kama alichoandika kilikuwa kweli, kosa lake lilikuwa lipi? Na kama hapakuwa na kosa, kwa nini alikuwa ameikunja hivi fomu ya watu? Alijaribu kuikumbuka siku ile: chumba, mkeka, harufu ya nguo mpya, sauti ya dada yake ikisema yale maneno matatu. Maneno alikuwa nayo yote. Uso hakuwa nao. Alipekua, akapekua, pale palipotakiwa kuwa na uso palikuwa peupe.

"Sikumbuki uso wako," alisema. "Nakumbuka kila kitu ila uso."

"Haya," dada akajibu, si kwa ukali. "Angalau hilo umelisema."

Bi Nukta hakuelewa "angalau hilo" maana yake nini, kwamba limetosha au kwamba halijatosha. Alitaka kuuliza, lakini fundi akaingia na vikombe vitatu, na sukari imezidi katika vyote.

Wakaendelea na kazi, wafanye nini. Kopo la saba lilikuwa na bendi ya wanaume wa kweli wenye vichwa vya kuchorwa, vichwa vikawa vinabadilishana shingo katikati ya wimbo bila muziki kukosea. La nane lilikuwa na mwezi uliodondoka kwenye tarumbeta. Dada mtu aliandika upande wake: ala ngapi, mdundo gani, sauti zipi zinapokezana. Kila mara alikuta kitu ambacho Bi Nukta hakukisikia, na Bi Nukta kila mara aliona kitu ambacho dada hakukiona, na fundi, akiulizwa, alikuwa ameona kitu cha tatu. La tisa mkanda ulikuwa umeoza sauti, ukabaki picha tu: jukwaa tupu, maneno ya lugha isiyojulikana, na kimpira cheupe kikiruka.

"Hii hakuna cha kuandika upande wangu," Mwalimu Filimbi alisema. Lakini mguu wake ulikuwa umeshaanza kupiga chini, ukifuata kimpira. Baada ya mstari mmoja akawa anavumisha. Baada ya miwili akawa anaimba, wimbo anaoutunga pale pale, kila kimpira kikiruka juu anapanda, kikishuka anashuka, silabi hazina maana yoyote, la-la na ndi-ndi. Kisha, bila kugeuza kichwa, akampiga mdogo wake kwa kiwiko.

"Mimi?" Bi Nukta alinong'ona.

"Kimpira kinamwambia nani, ukuta?"

Akaimba. Aliimba vibaya, amechelewa, sauti inakwaruza kama ufunguo kwenye kufuli lenye kutu. Mara mbili aliruka neno, mara moja alirudia mstari uliokwisha. Nyuma yao fundi alisahau kutazama mkanda, nao ukakatika, ikabidi waketi gizani wakimsikiliza akijilaumu na kutafuta gundi.

Ijumaa, baada ya kuzitazama upya watatu pamoja hata zile tano za kwanza, Bi Nukta alipeleka fomu kumi na moja kwa mkuu. Mkuu alisoma iliyokuwa juu, akaisoma tena, akalegeza tai.

"Mama, hapa kwenye tukio kuna majibu matatu."

"Ndiyo."

"'Mtazamaji wa kwanza aliona mtu amebaki. Mtazamaji wa pili alisikia kivuli kimebaki. Mtazamaji wa tatu alimwona mbwa akila sanduku.' Sasa kilichotokea ni kipi?"

"Hicho ndicho kilichotokea."

"Na hii ya birika. 'Birika lilianza kuimba, akammeza mwanamke.' Kuna herufi imekosewa?"

"Hakuna. Nimeipitia mara nne."

Mkuu alimtazama mwanamke huyu aliyesifiwa mji mzima kwa usahihi wake, akawaza kwamba pengine uzee umeanza kazi yake. Alipofika ya tatu akatabasamu. Alipofika ya saba akavuta kiti akae vizuri. "Sijui watu wa juu watasemaje," alisema. "Lakini mimi nimetamani kuzitazama. Zile za kwanza ulizoandika peke yako sikutamani." Akazigonga muhuri zote. Bi Nukta aliondoka akijiuliza kama amesifiwa au ametukanwa.

Dada yake alikuwa anamngoja kwenye ngazi. Hawakuwa wameahidiana. Walitembea hadi barabarani, na pale pa kuvukia magari yalikuwa mengi. Dada akamshika mkono juu kidogo ya kiwiko. Bi Nukta hakuweza kujua kama mkono ule ulikuwa wa kusamehe au wa kuogopa magari. Walipofika ng'ambo dada akauachia, akalalamika kuhusu viatu vyake, akalalamika kuhusu kaka yao ambaye siku hizi hasikii, akasema Jumapili hana kazi. Alisema hivyo mara mbili.

"Njoo basi," Bi Nukta alisema, na kisha, kwa kuwa alihofu amesema kidogo, akaongeza, "Nataka uje."

"Nitaangalia," dada akajibu. Akaenda zake, na alipofika kwenye kona, bila kugeuka, akainua mkono.

Nyumbani mumewe alikuwa ametandaza gazeti mezani, anafungua saa ya ukutani ambayo haikuwa imeharibika.

"Eti ulikuwa na dada yako wiki nzima? Jirani kawaona. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa sijui niseme nini."

"Kwa hiyo mmepatana?"

Bi Nukta alifikiri kama mtu aliyekula kiapo. Alipima kila neno lililosemwa kwenye kile chumba cheusi, akapima kicheko, kiwiko, mkono barabarani. Hakuna kilichojumlika.

"Anakuja Jumapili," alisema.

"Basi mmepatana!"

"Nimesema anakuja Jumapili. Usiongeze maneno."

Mumewe akafunika saa, akainuka, akaenda stoo kutafuta kiti cha tatu, na Bi Nukta akamsikia kutoka huko akiangusha vitu.